Jibu: Skrubu ya daraja juu ya vipandikizi inalegea tena na tena

Habari za kazi, Daktari. Umeeleza kwamba daraja la meno bandia matatu, lililofungwa kwa skrubu kwenye vipandikizi viwili (mizizi bandia iliyopandikizwa kwenye mfupa wa taya) huku jino la nyuma likining'inia bila kipandikizi chini yake, limelegea skrubu mara mbili tangu ulipomwekea mgonjwa wako huko Kigoma.

Kabla ya kuilaumu skrubu, kagua daraja lenyewe: kaza skrubu ya upande mmoja tu, kisha utazame upande wa pili kwa eksirei. Ukiona upenyo, daraja halikai sawasawa, na kila unapokaza unaupa mfumo mkazo hata kabla mgonjwa hajatafuna ugali. Mimi hapa Tabora niliwahi kubadilisha skrubu bure, kumbe kosa lilikuwa kwenye chapa ya kinywa cha mgonjwa niliyoichukua mwenyewe. Tulilikata daraja tukaliunga upya.

Likikaa vizuri, punguza jino linaloning'inia, kwa kuwa ni wenzo unaokielemea kipandikizi kilicho jirani. Aina ya muungano kati ya kipandikizi na sehemu inayofungwa juu yake nayo ina uzito wake: ule wa pembe sita uliochomoza nje ni mfupi, hivyo nguvu za kando huiangukia skrubu, ilhali ule wa koni uliozama ndani huzipokea zaidi kwenye kuta zake. Kaza skrubu kwa kiwango cha nguvu alichotaja mtengenezaji, subiri dakika 10, kisha ukaze tena.