Ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha mita 2: nondo zikae upande gani?

SWALI: Kiwanja changu kiko Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko. Nimekikata ngazi mbili, na katikati nahitaji ukuta wa kuzuia udongo, kimo mita 2, urefu mita 14. Fundi anasema tofali za inchi 6, nguzo kila mita 3 na mkanda juu. Utahimili?

JIBU: Hautahimili, ndugu yangu. Alichokueleza fundi ni uzio. Uzio hubeba uzito wake na upepo, lakini ukuta wako utasukumwa usiku na mchana. Kwa kimo hicho, udongo mkavu wa kichanga husukuma kila mita moja ya ukuta kwa takriban tani 1.2. Masika yakija na maji yakituama nyuma, msukumo huo hupanda hadi kama tani 2.5. Tofali zitaanza kutoka tumbo kati ya nguzo, kisha zitapasuka.

Jenga ukuta wa zege wenye kitako, umbo la T iliyopinduliwa. Chimba hadi kitako kikae sm 50 chini ya ardhi ya ngazi ya chini, juu ya udongo mgumu. Kitako kiwe na upana wa mita 1.6 na unene wa sm 25: sm 40 zitokeze mbele, sm 20 ni unene wa ukuta, mita 1 iingie nyuma. Mita hiyo ya nyuma usikubali ipunguzwe, hata fundi akilalamika kuhusu kuchimba. Udongo utakaokaa juu yake ndio utakaoushikilia ukuta usipinduke.

Nondo za wima ni mm 12 kila sm 15, nazo zikae upande wa udongo, zikifunikwa na zege sm 5. Udongo unaposukuma, uso wa nyuma ndio unaovutwa, na zege ni dhaifu sana kwenye kuvutwa. Nondo hizohizo zikifungwa upande wa mbele, ukuta utakatika pale unapokutana na kitako. Zishuke ndani ya kitako hadi karibu na uso wake wa chini, na zikunjwe kuelekea mbele. Kipande kimoja hakizidi mita 3, kwa hiyo nondo ya mita 12 hutoa vinne bila kuunga popote. Utahitaji vipande 95 hivi, yaani nondo 24. Ndani ya kitako, sehemu ya nyuma, weka mm 12 kila sm 15 karibu na uso wa juu, kwa sababu udongo unaikandamiza sehemu hiyo kwenda chini. Za mlalo, mm 10 kila sm 20 zinatosha.

Zege liwe 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto). Jumla ni kama mita 12 za ujazo, karibu mifuko 100 ya saruji. Mwagilia siku 7, na usijaze udongo kabla ya siku 28.

Sasa maji, ambayo ndiyo huangusha kuta nyingi zilizofungwa nondo vizuri. Pitisha mabomba ya PVC ya inchi 3 kila mita 1.5, sm 15 juu ya ardhi ya mbele, yakiinamia nje. Nyuma ya ukuta panga kokoto tupu, upana sm 30, kutoka usawa wa mabomba hadi karibu na juu, na uzitenge na udongo kwa kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Bila hicho, matope huziba kokoto. Usirudishe udongo wa mfinyanzi, maana hunyonya maji ukavimba. Jaza tabaka za sm 20, shindilia kwa mkono au kompakta ndogo. Roli kubwa ya kushindilia ikikaribia itausukuma ukuta. Juu kabisa chimba mfereji wa kupeleka maji pembeni.

Vipimo hivi ni vya ardhi tambarare ya juu isiyo na mzigo. Kama kuna nyumba, maegesho au shimo la maji taka ndani ya mita 2 kutoka ukutani, mhandisi apime udongo na kupiga hesabu upya kabla hujanunua nondo.