Babu wa Abingdon: ni Berkshire au Oxfordshire?

SWALI: Shikamoo Mzee. Babu mzaa baba alikuwa Mwingereza, alikuja Kongwa mwaka 1947 kuendesha trekta kwenye mradi wa karanga. Tumebaki na cheti chake cha kuzaliwa cha mwaka 1919, kimeandikwa Abingdon, Berkshire. Nimetazama ramani, Abingdon iko Oxfordshire! Shangazi anasema cheti ni cha mtu mwingine. Nishike lipi?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Cheti hicho kitunze. Kifungua mimba wangu alizaliwa Mlali, na cheti chake kinasema wilaya ya Mpwapwa. Kitinda mimba akazaliwa nyumba ileile, chumba kilekile, chake kinasema Kongwa. Sisi hatukuhama hata hatua moja. Wilaya ndiyo iliyogawanywa.

Abingdon nayo ni hivyohivyo. Ilikuwa Berkshire toka enzi na enzi, tena iliwahi kuwa makao makuu ya kaunti hiyo kabla ya Reading. Mpaka ulikuwa mto Thames: mji uko upande wa Berkshire, ukivuka daraja umeingia Oxfordshire. Tarehe 1 Aprili 1974 mipaka ikachorwa upya, Abingdon ikapelekwa Oxfordshire. Mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba mwaka 1919 karani aliandika sawa kabisa.

Lakini vitabu vya ubatizo havikuufuata mji, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaandika Oxford kwa kuwa ramani imemwambia Oxfordshire, anajibiwa hakuna, anakata tamaa. Vitabu vya zamani vya parokia za Abingdon viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Berkshire, pale Reading. Wewe anza na Reading.

Kabla hujaandika, kitazame cheti tena. Juu kabisa pana jina la wilaya ya usajili. Chini yake pana safu ya mahali mtoto alipozaliwa. Hayo ni mambo mawili. Wilaya za usajili, zilizoanza 1837, hazikujali mipaka ya kaunti. Ya Abingdon ilichukua hata vijiji vya ng'ambo ya mto, kama Culham. Ikiwa safu inasema Culham, basi babu alizaliwa Oxfordshire kweli, na ubatizo wake utautafuta Oxford.

Wino wa miaka hiyo hufifia. Kitoe nje asubuhi penye mwanga, chukua kioo cha kukuzia, usome safu hiyo herufi kwa herufi, kisha uniandikie umeona neno gani.