Transista za kuendeshea spika: achana na kile kitundu cha multimita

Anayeanza kuunda amplifaya nyumbani hukimbilia kitundu cha multimita kilichoandikwa hFE (kipimo cha mara ngapi transista inakuza mkondo), ili achague transista zinazofanana. Miguu ya 2SC5200, transista maarufu ya kuendeshea spika, ni minene, haiingii vizuri mle. Hata ikiingia, kitundu kinapima kwa mkondo mdogo mno, ilhali kazini transista hiyo itasukuma ampia kadhaa. Namba utakayoipata haikusaidii.

Usihangaike pia kuoanisha 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Moja ni NPN, nyingine PNP, yaani aina mbili ambazo mkondo wake hupita kinyume, kila moja na upande wake wa wimbi. Zinazotakiwa kufanana ni zile za upande mmoja, zinazobeba mzigo sambamba.

Mimi napima volti kati ya besi na emita, miwili kati ya miguu mitatu ya transista (wa tatu ni kolekta). Unganisha kolekta na besi, zipeleke kwenye chanya ya volti 12 zilizotulia kupitia rezista ya omu 100 ya wati 5, emita iende hasi. Kwa PNP, geuza chanya na hasi. Utapitisha kama miliampia 110, na mita itasoma karibu volti 0.6. Soma kwenye skeli ya milivolti, uandike namba kwenye kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, uibandike mgongoni mwa transista. Ila usiishike! Joto likipanda nyuzi moja, volti hiyo hushuka karibu milivolti 2, kwa hiyo vidole vyako tu vinaharibu kipimo: utaona tarakimu za mwisho zinateremka zenyewe. Iache mezani hadi namba itulie. Zilizopishana milivolti chache nazipanga pamoja.

Rezista za emita, zile ndogo zinazofungwa kwenye emita ya kila transista, ndizo zinazomalizia kazi, na hapa sikubaliani kabisa na wanaoziruka ili kubana matumizi. Bila rezista, transista mbili zilizopishana milivolti 20 hazigawani sawa: moja hubeba mkondo kama mara mbili ya mwenzake. Inapata moto, volti yake inashuka, inavuta zaidi, mpaka inaungua. Weka omu 0.22 kwa kila moja, na tofauti ileile haizidi miliampia 90. Kwenye ampia tatu hiyo si kitu.

Kopi, yaani transista bandia, ni balaa jingine. Nunua zote kwa mkupuo mmoja, chapa moja, herufi ya kundi moja: kwa za Toshiba, R ni hFE 55 hadi 110, O ni 80 hadi 160. Nunua chache za ziada, maana bila za ziada huna cha kuchagua.

Ukishafunga kila kitu, washa bila muziki, subiri hitisinki (bamba la chuma la kupoozea transista) ipate joto, kisha pima kwenye kila rezista ya emita. Milivolti 22 kwenye omu 0.22 ni miliampia 100. Moja ikiwa mbali na wenzake, angalia kwanza skrubu na maika yake (kipande chembamba cha kuzuia umeme kati ya transista na hitisinki) kabla ya kushika pasi ya kuchomelea; mara nyingi imekaa upande, haijagusa hitisinki sawasawa.