Umeme unaonaje ndani ya kifua?

SWALI: Mwanangu ni muuguzi Ujerumani, wodi ya wagonjwa mahututi. Ananiambia mgonjwa anayesaidiwa kupumua na mashine hufungwa mkanda kifuani, na mapafu yanaonekana kwenye skrini yakijaa na kupwa, bila eksirei. Umeme unachoraje picha? Na haumuumizi mgonjwa? *Mama Zuhura, Tanga*

JIBU: Shikamoo Mama Zuhura. Haumuumizi. Ni miliampia chache tu, tena umeme wenyewe hugeuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo misuli na mishipa ya fahamu haishtuki.

Mkanda huo mara nyingi una elektrodi 16, yaani vipande vinavyogusa ngozi ili kupitisha na kupima umeme. Katika mpango wa awali, ule wa Barber na Brown wa Sheffield, Uingereza, miaka ya 1980, umeme hupitishwa kati ya elektrodi mbili jirani, kisha volti hupimwa kwenye jozi 13 zisizogusa hizo mbili. Inafuata jozi nyingine, hadi kifua kizungukwe: vipimo 208. Nusu ni marudio, kwani jozi ya kupitishia na ya kupimia zikibadilishana kazi, jibu ni lile lile. Zinabaki namba 104 za kuchorea kifua kizima. Ni chache mno, mama.

Nilipokuwa nasomea ufundi wa vifaa tiba nilijaribu kwa beseni la plastiki, maji ya chumvi na misumari 16. Gilasi niliyoisimamisha karibu na ukingo ilitokea kama doa safi. Nilipoisogeza katikati, doa likafifia na kutanuka kama wino kwenye kitambaa kibichi. Wiki nzima nilikaza nyaya nikidhani zimelegea. Hazikuwa zimelegea. Eksirei hunyooka kama mshale, lakini umeme hutawanyika mwili mzima ukitafuta njia nyepesi. Kilicho katikati hutikisa vipimo vya ukingoni kidogo sana, hivyo kosa dogo la kupima huwa kosa kubwa kwenye picha.

Je, vipimo vya nje vinatosha kabisa kujua ya ndani? Swali hilo mwanahisabati Alberto Calderón alilichapisha mwaka 1980. Lilimjia miaka ya 1940, akiwa mhandisi wa kampuni ya mafuta Argentina. Wanahisabati wamethibitisha kwamba vinatosha, mradi vichukuliwe kila mahali ukingoni na visiwe na kosa hata chembe. Lakini wodini makosa hayakosi: mgonjwa anatoka jasho, anageuzwa, elektrodi inalegea.

Ndiyo maana wodini hawasomi picha moja. Wanalinganisha pumzi ikiingia na ikitoka, kwa kuwa pafu lililojaa hewa huzuia umeme zaidi, na makosa mengi yaliyomo katika vipimo vyote viwili hufutana. Mwanao akikuambia wameongeza shinikizo la mashine na sehemu ya pafu ya mgongoni imefunguka, hilo mkanda unalionyesha vizuri, pale pale kitandani. Uvimbe mdogo hautaonekana. Huo wanautafuta kwa siti skani.