Mafua yanayokuja na giza la ziwani

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 34, naanika dagaa huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria, mwaka wa sita sasa. Shida yangu mafua, kila mwezi lazima. Naanza na chafya asubuhi, hata kumi mfululizo, pua inawasha macho yanawasha, zikipita siku nne tano yanashuka kifuani, nakohoa makohozi ya njano na homa juu. Dukani wananipa amoksilini napona, mwezi unaofuata tena, mwaka huu nimeshameza mara saba. Mbalamwezi ikiingia dagaa hamna, tunapumzika, napata nafuu. Hii ni aleji au kinga imeshuka? Wabeja sana.
Mama Wawili, Igombe

JIBU: Marahaba mama. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa ajili ya hiyo mbalamwezi, maana jibu limo humo. Kinga ikishuka unaumwa wakati wowote, haichagui mwezi. Wewe unaumwa giza likiingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi, na giza ndo wakati wavuvi wanawasha taa za dagaa, wewe unaanika kutwa, alafu ni kipindi cha mwezi mwandamo ambapo wale wadudu wa ziwani wanatoka wengi kama moshi. Wadudu hao wanaleta aleji, na vumbi la samaki mkavu nalo linaleta.

Kwa hiyo naona una vyote viwili, aleji na maambukizi, kimoja kinakivuta kingine. Aleji inavimbisha pua kwa ndani, vinjia vya sinasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) vinaziba, kamasi linakaa humo halitoki, vijidudu vinapata pa kuzaliana. Amoksilini hata ikiua bakteria, aleji imebaki palepale, ndo maana unarudi dukani. Na mafua mengi ni ya virusi ambavyo amoksilini haivigusi kabisa, hata kamasi likiwa njano. Mara saba ni nyingi mno mama, naomba uache kujinunulia, usugu wa dawa siku moja utakukuta na nimonia ya kweli.

Kazi siwezi kukwambia uache. Ila dagaa wageuze upepo ukiwa mgongoni kwako, vaa barakoa, kanga inapitisha vumbi. Jioni taa ya nje iweke mbali na dirisha. Wadudu waliokufa usiwafagie wakavu, wanakuwa unga na huo unga unauvuta wote, nyunyiza maji kwanza ndo ufagie.

Pua isafishe jioni ukitoka kazini: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Ya ziwani mabichi usithubutu. Kwenye dawa, muulize daktari kuhusu setirizini, kidonge cha aleji, na ile dawa ya kupuliza puani ya kila siku, hiyo ya kupuliza inataka uvumilivu, wengi wanaitupa siku ya tatu wakati haijaanza kazi vizuri. Kama una mimba au unanyonyesha mwambie. Piritoni inasaidia lakini inalaza, usiimeze ukiwa unakaanga samaki motoni. Deksa (deksamethasoni) za dukani "za kukausha mafua" achana nazo, ukizizoea zinapandisha sukari na hiyo kinga unayoihofia ndo zinaishusha.

Kikohozi kikifika wiki mbili kapime makohozi ya TB, kwenye vituo vya serikali ni bure. Usiku kifua kikipiga filimbi, sema pia, inaweza kuwa pumu.

SWALI: Dokta, mwanangu wa miaka 4 ana pumu. Akishikwa na mafua bibi yake anasema tusimpe pampu ya kuvuta dawa, ataizoea. Ni kweli?
Baba wa Ukerewe

JIBU: Hapana baba, na umfikishie bibi kwa upole, hofu hiyo nimeikuta nyumba nyingi. Mafua ndo yanayoamsha pumu ya watoto, kwa hiyo hapo ndo pampu inatakiwa zaidi. Ile ya kila siku isikatwe, ya kufungua kifua mpe kama mlivyoelekezwa. Kama hamna spesa, kile kichupa cha kuunganisha pampu na mdomo, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ikabana mdomo wa pampu inafaa, mwombe nesi awaonyeshe. Akitulia hesabu anavyopumua dakika nzima. Ikifika 40 na kuendelea, au chini ya mbavu panabonyea akivuta hewa, au anashindwa kuongea, mpeleke hospitali usiku huohuo, msisubiri kukuche.