Mgeni kutoka Japani, anataka kuzoeana na watu wa Jambiani, kijiji cha pwani Zanzibar

Dada, umesema una miezi miwili kijijini na majirani wanakusalimu tu, kisha wanapita zao. Usivunjike moyo. Mimi pia nilikuja hapa kwa ndoa, simjui mtu. Kilichonifungulia milango ni mwani: maji yakipwa nilishuka pwani na kina mama, nikafunga mbegu kwenye kamba mpaka vidole vikachubuka. Siku ya tatu wakaniita shoga, yaani rafiki yao.

Salamu usizikatize, uliza nyumbani, watoto, afya. Jitambulishe kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini. Jistiri mabega na magoti, na Ramadhani usile barazani mchana. Msibani nenda, hata ukae kimya mkekani.

Kiwanja usinunue kwa maneno, tafadhali! Zanzibar mgeni hamiliki ardhi, hukodishwa tu. Muone wakili kabla hujatoa hata shilingi.