Mwanangu ni mtukutu, je, tumpeleke seminari kwa lazima?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu ana miaka 20, pesa yake yote inaishia kwenye bia na kubeti. Shemeji yangu anashikilia tumpeleke seminari, "huko watamnyoosha". Anatoa mfano wa kijana wa Roma ya kale aliyelazimishwa ukuhani akatulia. Ni kweli? Tufanye hivyo?

JIBU: Milele amina, mama. Habari ni ya kweli, ila shemeji yako kakusimulia nusu.

Kijana huyo ni Gaius Valerius Flaccus, wa ukoo wa Valerius, mabwana wakubwa wa Roma. Alikuwa mzembe na mpenda anasa, hata nduguye Lucius hakutaka kumwona. Mwaka 209 K.K., Hannibal, jemadari adui wa Roma, akiwa bado na majeshi yake ndani ya Italia, kuhani mkuu Publius Licinius Crassus akamsimika kwa nguvu awe kuhani wa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Mwanahistoria Livius anasema ibada zilipoishika akili yake aliacha mwenendo wa zamani ghafla, akawa wa kuheshimiwa kuliko vijana wote. Miaka ilivyopita alichaguliwa cheo cha serikali, na kwa kuwa kuhani yule hakuruhusiwa kuapa, aliyekula kiapo kwa niaba yake ni Lucius yuleyule.

Sasa tazama kazi yenyewe ya kuhani wa Jupiter enzi hizo. Hapandi farasi. Hagusi maharage wala nyama mbichi. Vazi lake lisiwe na fundo hata moja. Miguu ya kitanda chake hupakwa udongo, na asilale nje ya kitanda hicho siku tatu mfululizo. Tena lazima awe na mke. Mke akifa, na ukuhani umekwisha. Jupiter hakudai moyo wa mtu, alidai taratibu zisikosewe. Kutogusa maharage mtu analazimishika. Kumpenda Kristo je?

Ndiyo maana kanuni ya 1026 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kumlazimisha mtu, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote, kupokea Daraja Takatifu. Na mlezi wa seminari akigundua kijana kaletwa na baba yake mdogo, atamrudisha nyumbani (nami ningemrudisha).

Lakini Flaccus alikabidhiwa kazi ambayo watu waliitegemea, na hilo mnaweza kuliiga. Mwombe paroko wenu ampe kijana funguo za kanisa, awe anafungua kabla ya misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Za sanduku la sadaka asimpe kwanza.